Jirani Aliyesomea Kiajemi

Ilianza siku ya Jumanne, saa kumi na robo alasiri, mama aliponituma nyumba ya tatu kurudisha mbuzi ya kukunia nazi. Mwaka huo shuleni kwetu picha ya Mfalme ilikwisha teremshwa ukutani na ya Malkia ilikuwa haijafika, pakabaki mraba mweupe juu ya ubao. Nilikuwa nimerudi Temeke kwa likizo, kutoka shule ya bweni ya wasichana huko bara. Nami nilikuwa msichana ambaye akitumwa kwa watu hupiga hodi moja ya chini chini, halafu husimama mpaka aonekane.

Nikapiga hodi yangu. Hakuitika mtu. Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi, na ndani sauti ya mwanamume ilikuwa inasoma, polepole, ikituama mwisho wa kila mstari. Haikuwa Kurani. Neno moja moja nilidhani nalijua, halafu yanayofuata siyajui kabisa.

Mkewe, Bi Mwanahawa, akatokea uani, mikono imejaa unga.

"We mtoto, umesimama hapo kama umeshtakiwa. Ingia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona huulizi? Kila anayekuja anauliza."

Nikauliza. "Anasoma nini?"

"Kiajemi. Kama wataka zaidi muulize mwenyewe. Mie nimeolewa naye tu, sikusoma naye."

Mtaani walimwita Mwalimu, ingawa hakufundisha mahali popote. Alikuwa karani wa mizigo stesheni ya reli, kazi yake kupokea magunia na kuyaandika. Alikozaliwa na ukoo wake siandiki hapa, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na habari yake na hakuna mbili zilizolingana, na yeye mwenyewe akiulizwa hujibu, "Anzia Bombay." Kwa hesabu yake maisha yalianza pale aliposhuka melini akiwa kijana, karani wa tajiri mmoja wa nguo, akakuta mji una chuo kikuu na chuo kikuu kina darasa la jioni la kujiandaa. Tajiri akarudi Dar es Salaam, yeye akabaki. Akasomea Kiajemi: lugha, fasihi na utamaduni wake, mpaka akapata shahada. Shahada yenyewe niliiona. Bi Mwanahawa aliiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na iliki, ili mende wasiitafune, na ukiifunua ilinukia kama chai ya sikukuu.

Kwa nini Kiajemi? Jibu lilitegemea nani kauliza. Baba yangu aliambiwa kwamba zamani Bara Hindi kesi ziliandikwa kwa Kiajemi, na yeye alitaraji ukarani wa mahakama, bila kujua kwamba mahakama zilishakiacha tangu babu zake wako hai. Bi Mwanahawa aliambiwa kwamba darasa la sheria lilijaa. Mie aliniambia kwamba mvua ilikuwa inanyesha, akaingia mlango uliokuwa karibu. Nilimuuliza lipi ni kweli. Akasema, "Yote yalitokea. Mvua ndiyo iliyokuwa ya mwisho."

Habari za chuo alizisimulia vipande vipande, hasa akiwa anachonga kalamu zake za mwanzi. Wenzake darasani walikuwa vijana wa majumba makubwa, waliofundishwa Kiajemi na walimu wa nyumbani tangu meno ya utoto. Yeye alikuja na herufi za chuo cha Kurani na Kiswahili chake, basi. Hawakujua Dar es Salaam iko wapi, wakamwita Zanzibar. Mmoja alimuuliza kama kwao simba nao huingia darasani. Akamjibu kwamba walijaribu, lakini hawakufaulu mtihani wa kuingia.

Profesa wao alikuwa mzee, mzito wa masikio, aliyeweza kukaa juma zima juu ya ubeti mmoja. Hakuwauliza maana yake. Maana, alisema, imo kwenye kamusi, na kamusi haihitaji mshahara. Aliwauliza, "Mshairi ameacha nini?" Kijana akisema mshairi anasifu bustani, profesa huuliza, bustani hiyo ina mtunza bustani? Hayumo? Kwa nini hayumo? Na juu yao feni inazunguka.

Mwalimu alirudi Temeke na swali hilo, na hapa halikuwa na adabu. Jirani akimsomea gazeti, kwamba serikali imefungua barabara mpya, yeye huuliza, "Wameacha nini?" Mtu akisimulia ugomvi wake na mkewe, huuliza, "Na umeacha nini?" Watu walimkimbia kwa ajili hiyo. Muuza mkaa mmoja alisema ni afadhali kusimulia mbele ya hakimu.

Sokoni alikuwa adhabu. Alikuwa anajua ni maneno gani ya Kiswahili yaliyotoka Uajemi, na kila alipoyakuta mezani aliyatambua kama jamaa. Nilikwenda nao Kariakoo mara moja, yeye na Bi Mwanahawa, kununua vitu vya Idi. Akashika kipande cha kitambaa. "Rangi," akasema. "Yao hiyo. Na pamba, yao. Cherehani, yao. Bandari ilikoingilia, yao."

Muuzaji akamtazama. "Mwalimu, unanunua au unawarithi?"

"Nakuambia tu."

"Basi waambie waje wachukue, kodi ya meza nalipa mie."

Bi Mwanahawa alicheka mpaka akaegemea gunia la mchele. Mwalimu hakukasirika. Kukasirika kwake kulikuwa kwa mambo mengine, madogo zaidi: kitabu kuwekwa kifudifudi, au mtu kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa.

Kisa cha nguo ya mwaka nilisimuliwa na Bi Mwanahawa, Mwalimu akiwepo, akitikisa kichwa. Chuoni mtihani mmoja ulikuwa wa utamaduni, na swali lilitaka waeleze namna Waajemi wanavyoukaribisha mwaka wao mwezi wa tatu: hutandika nguo, juu yake huweka vitu saba, vyote majina yake yanaanza kwa herufi ya sini. Mwalimu hajapata kuiona nguo hiyo, na hajafika Uajemi hata kwa meli, lakini aliieleza vizuri kuliko wote. Basi baada ya kuoa akataka aione. Akamwambia mkewe atandike nguo na atafute vitu saba vya sini, kisha akaenda kazini.

"Nikaweka siki," Bi Mwanahawa akahesabu kwa vidole. "Sukari. Samli. Samaki. Nikaishiwa. Nikaweka sindano, sufuria na sabuni."

"Sabuni ni kwa sadi," Mwalimu akasema. "Si sini."

"Umeona? Hakusema sindano hailiwi. Kasema sabuni si sini."

Bibi yangu, mama yake baba, alipita siku hiyo akaiona nguo imetandikwa, akauliza ni kafara ya nani. Alipoambiwa ni mwaka mpya alikataa katakata. Bibi ni mtu wa Kilwa, na kwao mwaka mpya, Nairuzi, una siku yake, wakati wa baridi, wazee wakishahesabu, watu huenda kuoga baharini na kupika makande. "Mwaka gani wa mwezi wa tatu, katikati ya joto?" akasema. "Mwaka wa namna gani usiongoja wazee?" Mwalimu alijaribu kumweleza kwamba Nairuzi ya Kilwa na ile ya Uajemi ni moja, ila ya Kilwa imetembea. Bibi akasema ya Kilwa iko palepale, iliyotembea ni hiyo nyingine.

Mwajemi wa kweli, wa damu na nyama, alikutana naye mmoja tu. Palikuja meli, na habari ikamfikia kwamba fundi wa mitambo wake ni mtu wa Uajemi. Mwalimu akavaa koti lake la Bombay, akatembea kutoka Temeke mpaka bandarini. Alimkuta yule bwana amekaa kwenye kamba, anakula ndizi. Akasimama mbele yake akatoa salamu aliyoiandaa njiani, salamu ya vitabuni, ya mtu anayeingia kwa sultani, ndefu. Yule fundi akaacha kutafuna, akakunja mikono, akainamisha kichwa. Salamu ilipokwisha akasema, "Amina," akampa sadaka.

"Alinielewa," Mwalimu alisema kila kisa hiki kiliposimuliwa. "Alishangaa tu." Sadaka aliitia katika sanduku la msikiti.

Mie nilianza kusoma naye likizo ya pili. Sikuomba, sikuwa na ulimi wa kuomba. Nilikuwa nakwenda kumsaidia Bi Mwanahawa kuchambua mchele, nakaa karibu na mlango wa kile chumba, mpaka siku moja akasema kutoka ndani, "Anayesikiliza bure aje alipe kwa kuandika." Baba alikubali, kwa kuwa mlango ulikaa wazi na Bi Mwanahawa alitwanga pale pale kizingitini, na kwa kuwa baba aliamini elimu yoyote ni elimu. Tuliandika nyuma ya makaratasi mabovu ya stesheni. Mwandiko wao huteremka kila neno kutoka kulia, kama shanga zilizokatika uzi, na mkono wangu uliozoea mstari wa shule uligoma kwa siku nyingi.

Desturi yake ilikuwa kwamba shairi lihifadhiwe kwanza, maana ifuate baadaye, hata baada ya mwezi. Nilisoma kwa kunong'ona. Yeye husikiliza, halafu huuliza, "Shairi hili liliandikwa kwa ajili ya panya?" Nikiongeza sauti kidogo, naye huongeza umbali, anasogeza kiti. Mwisho alikuwa anakaa uani, karibu na choo, na mie ndani, na lazima asikie. Hakusifu. Nikifanya vizuri alifunua ukurasa mwingine. Nikikosea alifumba macho.

"Unaona nini hapa?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Sijui."

"Hilo ni jibu la mlangoni. Ingia ndani."

Nikakaa. Nikasema naona mtu anajidai hajali, lakini ametaja jina la mji mmoja mara nyingi mno kwa mtu asiyejali. Akafunua ukurasa.

Jioni ile nilifikiri sana. Shuleni kwetu tuliulizwa tunakumbuka nini, na mie nilikumbuka vizuri, ndiyo maana nikafika nilipofika. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninaona nini. Kumbe kuna mahali watu wazima hukaa chini ya feni na hiyo ndiyo kazi yao. Naandika wazi, maana sikupata kumwambia mtu: nilitaka kwenda chuo kikuu. Kampala, au Bombay, au kokote. Kiajemi chenyewe sikukipenda kuliko vitu vyote. Nilikipenda kwa kuwa ndicho kilichonionyesha mlango.

Mwalimu alikuwa na mambo mawili ambayo hayakubadilika. La kwanza, hakwenda nyumbani kwa mtu. Msibani alifika, akasimama nje mpaka jeneza litoke, akalifuata, akarudi kwake. Arusini alimtuma mkewe. Alisema yeye ni mgeni mbaya, hajui wakati wa kuondoka. La pili, hakubadili neno la mtu aliyeandika. Mfanyabiashara mmoja wa kanga aliwahi kumwomba msemo wa Kiajemi wa kuchapa, uwe kitu kipya mjini. Mwalimu akampa mstari mmoja mzuri. Ulikuwa mrefu, haukuenea, yule bwana akaomba upunguzwe maneno mawili. "Refusha kanga yako," Mwalimu akamwambia, na biashara ikaishia hapo. Bi Mwanahawa, ambaye alikwisha ahidiwa doti mbili, alimnunia mpaka mwezi ukaandama.

Sasa jambo la kitabu.

Kwetu sie, mtu akiwa na kitabu kikubwa cha herufi za Kiarabu, na tena akawa anaitwa Mwalimu, basi watu watamjia kutazamiwa. Hawaulizi kitabu kinahusu nini. Mke amekimbia, kuku wanakufa, mtoto analia bila sababu: kitabu kifunguliwe. Mwalimu aliwarudisha wote. "Hiki ni kitabu cha mashairi, bwana. Ndani yake hamna kuku wako." Wakaona anaringa, au anangoja sadaka kubwa zaidi. Bi Mwanahawa aliumia. "Mganga wa Mtoni hajui hata alifu, ana nyumba ya bati," alisema. "Sie tuna shahada, tunavuja."

Ila hapo palikuwa na doa, na alinionyesha mwenyewe. Waajemi nao, wakitaka kujua la mbele, hufungua diwani ya mshairi na kusoma ukurasa uliojitokeza. Profesa aliwafundisha desturi hiyo, akawaambia, "Mtaiandika kwenye mtihani. Msiifanye." Na asubuhi ya mtihani wanafunzi wote waliifanya, Mwalimu akiwa mmojawapo.

"Ukapata nini?" nikamuuliza.

"Mtu anamsifu tembo wa sultani."

"Na mtihani?"

"Nilifaulu. Tembo hakuhusika."

Nilipomaliza darasa la kumi ikaja habari kwamba nimechaguliwa kuendelea mpaka la kumi na mbili, wasichana wachache tu. Juma lilelile akaja kuniposa bwana mmoja wa Tabata, mwenye minazi huko na duka Kariakoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, alikohoa kabla ya kusema. Na baba yangu hakuwa mkali. Ningekuwa na baba mkali ningejua la kuogopa. Baba alikuwa mtu asiyeweza kuamua. Baiskeli aliyotaka kununua aliitazama dukani mpaka mwenye duka akahama. Bibi alitaka niolewe, mama alinyamaza, na baba akaona hili zuri na lile zuri. Mwisho akapata njia yake ya kutoka: twende kwa Mwalimu, kitabu kiamue.

Tulikwenda Alhamisi alasiri, baba, Bibi na mie. Baba alibeba sukari na udi. Bi Mwanahawa akatandika mkeka, nami nikakaa naye karibu na mlango.

"Mwalimu, sie tumekuja na jambo," baba akasema.

"Karibuni. Kama ni la kitabu, mnajua neno langu."

"Tunalijua," Bibi akasema. "Lakini hicho kitabu ni cha kwetu. Babu zangu walitoka huko Shirazi."

"Mie nimesoma habari za huko kwenu miaka mingi, Bibi. Sikukuona."

"Hukutazama vizuri."

Baba akakohoa, akaeleza yote. Akamaliza hivi: "Kitabu kikisema aolewe, ataolewa. Kikisema asome, mie mwenyewe nitambebea sanduku mpaka stesheni. Nimeshindwa, ndugu yangu."

Mwalimu akasema, "Muulize mwenyewe."

"Huyu?" Baba akanigeukia. "Huyu hasemi."

Wote wakanitazama. Niliangalia mkeka. Ulikuwa wa ukili mwekundu na mweusi.

Bi Mwanahawa akasema, kwa sauti laini ambayo sijapata kumsikia nayo, "Fungua, mume wangu. Fungua tu, uwasomee." Na akamtazama. Chumba kizima kilijua anamwambia nini, isipokuwa baba.

Mwalimu akaenda kunawa. Akarudi, akakaa, akafungua kitabu bila kuchagua, akasoma kwa sauti yake ileile ya kituo mwishoni mwa mstari. Nilifuata. Nilishika theluji. Nilishika baridi. Nilishika sultani, na nguo. Hamkuwa na habari yangu, ya shule wala ya ndoa. Akaufuata mstari kwa kidole mara ya pili, na mie nikajua anakokotoa. Ilikuwa neno moja tu. Aseme kalamu, aseme safari, aseme lolote.

"Mshairi yuko kwa sultani mmoja," akasema. "Ni majira ya baridi. Anaomba joho."

"Joho?" akauliza Bibi.

"Joho."

Bibi akapiga kigelegele.

"Bibi, ni joho la manyoya," Mwalimu akasema. "La baridi. Mtu huyu anatetemeka."

"Akilivaa ataacha."

"Hakuna arusi humu!"

"Bwana arusi wa kwetu anavaa nini? Si joho? Kitabu kimesema, Mwalimu, usikizibe mdomo."

Baba alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Akamshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akamshukuru.

Walipotoka mie nilichelewa nyuma kutafuta ndara zangu, nikamsikia Bi Mwanahawa. "Ungesema kalamu! Ungesema anaomba kalamu, nani angejua?"

"Mie ningejua. Na huyo hapo mlangoni angejua."

Ni kweli, ningejua. Neno lile nilikuwa nimelihifadhi likizo iliyopita. Nikavaa ndara, nikaondoka bila kuaga.

Sikwenda tena kwake. Nilimkasirikia kwa namna ambayo sikuweza kuieleza hata kwenye karatasi, kwa sababu kila nikijaribu, niliona kwamba angesema uongo ningemshukuru, kisha nisingemwamini tena anaposoma. Posa ikapokewa. Mama akaanza kushona foronya. Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, na sanduku langu la bati lilikuwa bado juu ya kabati. Bi Mwanahawa alipita mara moja kuniletea vitumbua, akasema, "Hali chakula vizuri yule," nami nikajibu, "Poleni."

Jumamosi, treni ya bara ikiwa ya keshokutwa, tulisikia hodi. Mama alikwenda kutazama akarudi ametoa macho. Mwalimu alikuwa amesimama barazani, ndani ya koti la Bombay, katika jua lile, jasho linamtiririka shingoni.

Baba alitoka mbio. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Karibu, karibu basi. Tumeshtuka."

Akakaa ukingoni mwa benchi. Mie nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, na niliona mikono yake imekaa juu ya magoti, haijui pa kwenda.

"Nimekuja bila kitabu," akasema.

"Naona."

"Siku ile ulikuja kwa kitabu, nikakusomea kilichoandikwa. Leo nakuambia langu. Mtoto huyu arudi shule."

"Lakini kitabu kilisema..."

"Kitabu kilisema kuna mtu anasikia baridi. Mie ndiye ninayesema arudi."

Baba alifikiri. Nilimwonea huruma, maana alikuwa anarudishiwa mzigo. "Sasa hayo ni maneno yako tu, Mwalimu."

"Ni yangu tu."

"Ya jirani."

"Ya jirani, ndiyo."

Bibi alikuwa ndani, akajitokeza. "Na huyo jirani kusoma kwake kulimfaa nini? Kaenda Bara Hindi, karudi, anahesabu magunia. Hata huyo Mwajemi wake alimpa sadaka."

Nilifikiri ataondoka. Mtaa mzima ulikuwa unasema hivyo, lakini hakuna aliyemwambia usoni. Akafuta jasho kwa mkono wa koti.

"Kweli, Bibi," akasema. "Nahesabu magunia. Lakini nikimaliza kuyahesabu, nina pa kwenda. Wale ninaofanya nao kazi wakimaliza, wamemaliza. Huyu mtoto naye anapajua. Nimemwona. Mkimfungia sasa, atakuwa anajua kuna mahali na hana njia. Hilo ni baya kuliko kutopajua."

Baba akasema atafikiri, na sote tulijua kufikiri kwake. Kisha mazungumzo yakaisha na Mwalimu hakuondoka. Mama alileta chai, akainywa. Akaleta nyingine, akainywa. Jua likahama kutoka miguuni mwake mpaka ukutani. Baba alimweleza bei ya mabati. Mwishowe akasimama ghafla, kama aliyeitwa, akaaga.

Nilitoka kwa mlango wa uani nikamkuta kwenye kona ya ua. Nilitaka kusema ahsante, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa amechoka. "Baba yako amepewa neno la kitabu, la bibi yako, la bwana wa Tabata na langu. Lako hajapewa."

"Siwezi, Mwalimu."

"Umesoma shairi zima mie nikiwa karibu na choo, na nikasikia. Ni sauti hiyohiyo. Usiiongeze."

Akavua koti, akalitundika begani, akaenda zake. Kwa nyuma shati lake lilikuwa limelowa lote.

Asubuhi yake niliamka kabla ya mama. Nikachota maji, nikampelekea baba uani alipokuwa anapiga mswaki, nikayaweka chini. Sikuondoka. Nikasema, kwa sauti ya kufika ukuta wa pili, "Baba, mie nataka kurudi shule. Bwana wa Tabata arudishiwe vitu vyake."

Baba akatazama nyuma yangu, kuona ni nani aliyesema. Hapakuwa na mtu. Nikasema tena, vilevile, neno kwa neno. Akatema, akasukutua, akaweka kopo chini. Halafu akaniuliza treni ya bara inaondoka saa ngapi.